Wingu la Rungwa Lisisingiziwe

Kila mwaka mwezi wa Novemba unapoingia, na mawingu meusi yanapoanza kujikusanya juu ya misitu ya miombo ya Rungwa, wimbo wa zamani huimbwa upya. Wenye kambi za watalii husema kwamba msimu umekufa. Wenye magari husema safari zimekwisha. Mawakala walioko mijini huwaandikia wageni wao wangoje mpaka Julai. Mwenye nyumba ya kulala wageni hufunga vyumba, na kijana aliyekuwa akipika kambini, akibeba mizigo au akifuata nyayo za nyati porini huambiwa arudi kwao hadi atakapoitwa tena. Akiuliza kosa lake ni nini, huonyeshwa mbingu. Wingu hushitakiwa, wingu huhukumiwa, na kwa kuwa wingu halina mdomo wa kujitetea, kesi hiyo huisha siku hiyo hiyo.

Yafaa kesi hiyo ifunguliwe upya. Mvua ya Novemba ilikuwako Rungwa kabla ya hema la kwanza la mtalii kupigwa, na itakuwako hata baada ya hema la mwisho kung'olewa. Jambo linalorudi kila mwaka kwa wakati wake haliwezi kuitwa ajali. Mtu aliyejenga nyumba bila paa, huku akijua kwamba kifuku kitafika, hana haki ya kuilaumu mvua. Biashara ya utalii ya Rungwa imejengwa bila paa, na jambo la kusikitisha ni kwamba wanaolowa si wale walioijenga.

MSIMU

Rungwa iko kusini mwa Mkoa wa Singida, katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa chini ya Halmashauri ya Manyoni. Hapo ndipo lilipo Pori la Akiba la Rungwa, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 9,000, ambalo pamoja na mapori jirani ya Kizigo na Muhesi hupakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hata hiyo Ruaha, ambayo leo ina jina kubwa duniani, ni mtoto wa Rungwa. Ilimegwa kutoka katika pori hilo na kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Mtoto akasifiwa, mama akasahauliwa.

Biashara kubwa ya mama huyo ni uwindaji wa kitalii. Wageni huja kutoka mbali kutafuta nyati, simba, chui, palahala, korongo na tandala, na hulipa fedha nyingi kwa ajili hiyo. Kwa miaka mingi kalenda ya uwindaji huo ilianza Julai 1 na kumalizika Desemba 31. Mvua za msimu katika mikoa ya kati, Singida ikiwamo, hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kwa hiyo hahitajiki mtaalamu wa hesabu kutambua kwamba theluthi nzima ya kalenda hiyo ya miezi sita iliwekwa chini ya wingu tangu mwanzo. Walioipanga walijua. Walioinunua walijua. Kila tajiri aliyechukua kitalu alijua kwamba Novemba na Desemba si Agosti. Vipi basi jambo lililojulikana na wote liitwe balaa pale linapotokea?

Nyuma ya uwindaji ipo biashara nyingine ndogo ndogo, ambayo haina kitalu wala wakala ughaibuni. Yupo mama lishe anayewauzia ugali madereva na matingo. Yupo fundi wa pancha. Wapo wauza asali, kwa maana asali ya Itigi na Manyoni inajulikana nchini kote. Wapo wenye maduka ya sabuni, chumvi na mafuta ya taa katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara. Hao wote huishi kwa fedha ya mgeni, ingawa wengi wao hawajapata hata mara moja kuzungumza na mgeni mwenyewe. Fedha hiyo huwafikia kwa njia ya mshahara wa kibarua. Mshahara ukikatika Novemba, sufuria ya mama lishe hupoa Novemba.

TOPE

Hakuna asemaye kwamba mvua ni mzaha. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtu, ukipata mvua mbili tatu hugeuka gundi. Lori huzama hadi ekseli, na gari lililotumwa kulivuta huzama kando yake. Nyasi hurefuka na kumficha mnyama. Wanyama nao, ambao wakati wa ukame walilazimika kukusanyika kwenye mabwawa machache yaliyosalia, hutawanyika, kwa kuwa kila bonde limepata maji yake. Mwindaji aliyezoea kungoja kwenye kisima cha mwisho hana tena cha kungojea. Hayo yote ni kweli, na anayeyakana hajapita Rungwa katika kifuku.

Lakini kukubali kwamba mvua ina taabu si sawa na kukubali kwamba mvua ndiyo inayoua biashara. Mvua hunyesha Ngorongoro vile vile. Ukungu wa ukingo wa bonde lile ni mzito kiasi kwamba dereva huwasha taa mchana, na baridi yake humfanya mtalii avae koti juu ya koti. Hata hivyo wageni hufika, kwa sababu kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro wanakanyaga lami. Kama wingu lingekuwa muuaji, lingeua kote linakotanda. Kwa nini wingu la Ngorongoro liwe na huruma, na la Rungwa liwe katili?

Jibu liko chini ya tairi, wala haliko mbinguni. Barabara itokayo Mkiwa, kupitia Itigi, Noranga na Rungwa hadi Makongolosi, ili iungane na Chunya na Mbeya, ina zaidi ya kilometa 400. Ni barabara inayounganisha katikati ya nchi na nyanda za juu kusini. Lakini kwa miongo mingi ilikuwa njia ya udongo na changarawe. Kwa upande wa kusini, kipande cha Chunya hadi Makongolosi kimekwisha kuwekwa lami. Kwa upande wa kaskazini, kipande cha Mkiwa, Itigi hadi Noranga, chenye kilometa zipatazo 57, kiliingizwa katika mpango wa lami. Rungwa yenyewe iko kati ya ncha hizo mbili, mbali na zote mbili, na lami husogea kwa mwendo wa kinyonga.

Hata kabla ya lami, yapo mambo ambayo hayahitaji mkopo wa kutoka ng'ambo. Mtaro uliozibwa na majani mwezi wa Agosti huzibuliwa kwa jembe na sepetu mwezi wa Septemba. Kalvati lililopasuka huonekana wakati wa jua, si wakati maji yamekwisha kulipeleka. Kipande cha mbuga kinachojulikana kwa jina na kila dereva, ambacho kila mwaka hukwamisha magari mahali pale pale, kingeweza kumwagiwa kifusi miezi miwili kabla ya mvua. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi ufa huachwa mpaka wingu lifike, kisha wingu likaitwa ndilo lililobomoa ukuta.

MTEJA MMOJA

Kisingizio cha wingu kina faida kubwa kwa wale wanaokitumia. Huficha ubovu wa pili wa biashara hiyo, ambao ni kutegemea mteja wa aina moja, kutoka upande mmoja wa dunia, kwa miezi michache ya mwaka.

Historia imekwisha kutoa somo hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku nchini, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1978. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na wenye vitalu wakaona jinsi uamuzi uliofanyika katika ofisi za Washington unavyoweza kuzima moto wa kambi iliyoko Singida. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliifunga dunia, na idadi ya wageni kutoka nje walioingia Tanzania ikaporomoka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi karibu laki sita. Yafaa wanaolaumu mvua waulizwe: ni wingu gani lililotanda Rungwa mwaka 1973? Ni mvua gani iliyonyesha Aprili 2014? Anga ya Julai 2020 ilikuwa safi kama kioo, na kambi zilikuwa tupu.

Si kweli hata kidogo kwamba uwindaji hauna maana. Fedha yake imesaidia kulinda mapori makubwa ambayo yangekwisha kulimwa au kuchomwa, na sehemu ya ada zake hurudi katika halmashauri zenye vitalu. Kinachopingwa ni kuufanya uwindaji kuwa mguu mmoja wa kusimamia biashara nzima. Mwenye mguu mmoja huanguka kwa utelezi mdogo, naye akiinuka hulaumu utelezi.

Yupo mteja mwingine ambaye hatajwi katika vitabu vya mawakala. Mteja huyo ni Mtanzania. Mwaka 2023 wageni kutoka nje walizidi milioni 1.8, na watalii wa ndani nao walikaribia milioni 2. Na tazama jinsi kalenda ya Mtanzania ilivyo. Desemba shule hufungwa. Watumishi wengi huchukua likizo zao. Jamaa husafiri kutoka mijini kwenda makwao, na mabasi hujaa. Mwezi ule ule ambao biashara ya Rungwa hufunga milango kwa kudai kwamba hakuna wageni, ndio mwezi ambao Watanzania wengi wako njiani. Mlango hufungwa mgeni akiwa barazani, kisha mwenye nyumba analalamika kwamba hakubishiwa hodi!

Itasemwa kwamba Mtanzania hana fedha za kulipia kambi. Za kambi ya mwindaji hana, ni kweli. Lakini anazo za chumba safi, za chakula cha moto, za mwongozaji wa kijiji atakayempeleka mahali akaone jambo ambalo hajaliona, na za chupa mbili za asali ya kupeleka nyumbani. Biashara hizo ndogo ndizo ambazo fedha yake hubaki Rungwa. Wanaozidharau wana kasumba ya kudhani kwamba mtalii ni lazima atoke mbali.

KALENDA YA WAGENI

Tatizo la tatu ni kwamba kalenda ya Rungwa imeandikwa kwa macho ya mtu asiyeishi Rungwa. Mtu atokaye nchi za baridi huliogopa wingu, kwa kuwa kwao wingu ni baridi, ni giza la saa tisa alasiri, ni miezi bila jua. Desemba huikimbia nchi yake ili alifuate jua, na akifika akalikuta wingu hujiona ametapeliwa. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kwa nini mwenyeji naye aitazame mbingu yake kwa macho hayo hayo. Mkimbu wa Rungwa, Mgogo wa Manyoni na Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake hawakufundishwa na wazazi wao kulichukia wingu. Wingu likionekana, jembe hutolewa darini.

Anayedai kwamba hakuna mtalii anayeweza kuvutiwa na mvua aende Kitulo. Hifadhi hiyo ya nyanda za juu kusini, iliyotangazwa mwaka 2005, huwapata wageni wake kwa sababu ya maua, na maua hayo huchanua katika miezi ya mvua na ukungu, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Huko wingu haliifungi biashara, bali ndilo linaloifungua. Au aende Ndutu na nyanda za kusini mwa Serengeti kati ya Januari na Machi, akaone jinsi nyumbu wanavyozaa katika majani mabichi, na jinsi magari ya wageni yanavyopangana kuwatazama. Bila mvua hakuna majani mabichi, na bila majani hayo hakuna nyumbu wala magari. Ng'ambo ya mpaka, katika bonde la Luangwa nchini Zambia, zipo kambi ambazo mto ukijaa huwapakia wageni katika mashua, na maji yaliyoifunga barabara huwa yenyewe ndiyo barabara.

Rungwa nayo haikunyimwa. Mvua za kwanza zikinyesha, pori lililokuwa kijivu na jeusi kwa moto wa kiangazi hufunikwa na kijani kwa majuma machache. Swala huzaa. Ndege wahamao hufika kutoka Ulaya na Asia, na kuungana na wenyeji wao, katika eneo ambalo upande wa Ruaha peke yake zimehesabiwa aina zaidi ya 500 za ndege. Kumbikumbi huruka, uyoga huota chini ya miombo, na akina mama huuchuma kwa vikapu. Wapo watu duniani wanaosafiri maelfu ya kilometa kwa ajili ya kumwona ndege mmoja tu mdogo. Mtu wa namna hiyo hababaishwi na wingu. Anachohitaji ni njia inayopitika, pa kulala pasipovuja, na mtu anayelijua pori. Huyo wa tatu Rungwa inaye, lakini ndiye aliyeambiwa arudi kwao.

HABARI ZA HEWA

Wapo watakaosema kwamba mvua haitabiriki, na kwamba mfanyabiashara hawezi kupanga mambo juu ya jambo asilolijua. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila mwaka mwelekeo wa mvua za msimu kwa mikoa inayopata msimu mmoja, na Singida imo. Hueleza kama mvua zinatazamiwa kuwahi au kuchelewa, kuwa haba au kuzidi kiasi. Utabiri huo si msahafu, na wenye kuutoa hawajadai kuwa ni msahafu. Lakini ni bora mara mia kuliko kutazama juu asubuhi na kufunga kambi jioni.

Faida yake si ya fedha peke yake. Mwaka 2023 tahadhari ya El Niño ilitolewa mapema, miezi kadhaa kabla ya mvua kubwa. Desemba 3 mwaka huo maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, yaliwafukia watu na nyumba zao. Hilo ni wingu la aina nyingine, na mbele yake hakuna biashara yenye thamani kuliko roho ya mtu. Ndiyo sababu habari za hewa hazina budi kufika kambini na kijijini, zikabandikwa katika ofisi ya kijiji na kusomwa mkutanoni, ili watu waweze kutofautisha kati ya wingu la kawaida linalohitaji koti na wingu la hatari linalohitaji kuhama. Asiyejua tofauti hiyo ama huyakimbia yote, ama hayakimbii yote. Vyote viwili ni hasara.

KIBARUA

Yote yaliyotajwa yangeweza kuitwa uzembe tu, lau hasara ingegawanywa sawasawa. Haigawanywi hivyo. Mwenye kitalu akifunga kambi, anayo akiba ya miezi ya jua. Wakala wa mjini, Rungwa ikifungwa, huwapeleka wageni wake Zanzibar au kwingineko, na kamisheni yake haina msimu. Kibarua hana kitalu cha pili. Tena hufukuzwa katika mwezi mbaya kuliko yote kwake. Novemba ndipo mbegu hununuliwa, ndipo jembe jipya au siku ya plau hulipiwa, na baada ya hapo hufuata miezi ambayo ghala linaisha na mahindi mapya hayajakomaa. Kijana anayerudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu mwezi wa kupanda hapotezi mshahara wa mwezi mmoja tu. Hupoteza mavuno ya mwaka mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Ajira ambayo mwisho wake unategemea rangi ya mbingu si ajira. Ni bahati nasibu. Kama kazi ni ya miezi sita, iandikwe kuwa ni ya miezi sita na ilipwe miezi sita, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima wa Rungwa hapewi fidia mvua ikikosekana. Hakuna sababu ya kumbebesha yeye tena hasara ya tajiri mvua inapopatikana.

Matajiri watajibu kwamba hawawezi kumlipa mtu asiye na kazi. Kazi iko. Kambi huhitaji kutengenezwa, njia za ndani huhitaji mifereji, mizinga huhitaji kutundikwa, vijana huhitaji kufundishwa lugha na majina ya ndege. Iko na kazi kubwa kuliko hizo zote. Hesabu ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba tembo wa Ruaha na Rungwa, ambao miaka michache kabla walikuwa zaidi ya 30,000, walikuwa wamebaki wapatao 20,000. Majangili hawana kalenda, na hawafungi kambi kwa sababu ya mawingu. Pori linaloachwa bila macho ya wageni, bila moto wa kambi na bila vijana wanaolijua kila kijito, huwarahisishia kazi. Askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori hawawezi peke yao kuwa kila mahali katika kilometa za mraba 9,000. Kijana anayelipwa kulitembelea pori wakati wa mvua ni jicho la nyongeza. Kijana huyo huyo akifukuzwa na kuachwa na njaa ni mtu wa kushawishiwa na mwenye bunduki.

MWENYE MALI

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Wanaolilaani wingu la Novemba wamesahau ni nani mwenye mali wanayoiuza.

Nyati wa Agosti aliyenona alinona kwa majani ya Januari. Bwawa ambalo mwindaji hukaa kando yake mwezi wa Septemba lilijazwa na mvua za Februari. Nyuki hutengeneza asali kutokana na maua, na maua ya miombo hayaoti juu ya vumbi. Mto Rungwa hupeleka maji Ziwa Rukwa. Kizigo hushuka kuelekea Ruaha Mkuu. Na huo Ruaha Mkuu umekwisha kutoa onyo. Tangu mwaka 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kwa majuma au miezi ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya matumizi ya maji katika bonde la Usangu, na viboko na mamba wakaonekana wakibanana katika vidimbwi vya tope. Hapo ndipo mtalii anapoweza kuona jinsi nchi inavyokuwa jua linapobaki na maji yanapoondoka. Anga ya buluu bila wingu hata moja hupendeza katika picha. Ikidumu miaka miwili, hapatakuwa na kitu cha kupiga picha.

Kwa hiyo mwenye kambi anayeomba Novemba iwe kama Agosti anaomba ghala lake lichomwe ili apate mwanga wa kuhesabia fedha. Wingu ndilo mwekezaji wa kwanza wa Rungwa, lilitangulia kuweka mtaji kabla ya kampuni yoyote, na halijadai gawio. Linachodai ni njia ya kupitisha maji yake, na hilo ndilo linalonyimwa.

Mambo ya kufanywa si siri. Mitaro na makalvati yashughulikiwe Septemba, wala yasingoje Januari. Lami iliyoahidiwa ifike Rungwa, kwa maana barabara iliyokamilika kwenye ncha na kukatika katikati ni daraja lisilovuka mto. Ada na bei za miezi ya mvua zitazamwe upya, ili zimkaribishe mwananchi aliye likizoni na mpenda ndege anayekuja na darubini badala ya bunduki. Mikataba ya vibarua iandikwe na iheshimiwe. Utabiri wa hewa ufikishwe vijijini kwa lugha inayoeleweka. Na halmashauri iwaonyeshe wananchi, kijiji kwa kijiji, fedha ya pori imefanya nini, ili anayelowa ajue kwamba analowa kwa ajili ya kitu.

Yasipofanywa hayo, Novemba ijayo itakuja kama ilivyokuja mwaka jana na mwaka juzi. Mawingu yatajikusanya, wimbo utaimbwa, na kijana mwingine ataonyeshwa mbingu kwa kidole. Siku hiyo asitazame juu. Aitazame barabara, aitazame kalenda, autazame mkataba ambao hakupewa. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba dalili ya njaa ni mawingu. Hilo wameliongeza wengine, kwa faida yao.